Usimimine Vilivyomo: Mwongozo wa Kukusanya Masanduku ya Mbao ya Vigari vya Sloti

Sanduku la kweli la miaka ya 1960 hutambulika kwa pua kabla ya macho. Lifungue, na kama hakuna aliyewahi kulisafisha, itakupokea harufu ambayo nyumba nyingi zinaifahamu: ya dawa ya kuchua misuli. Hayo ni mafuta ya wintergreen, yaani methili salisileti, kiungo kilekile kinachotiwa katika marhamu za kuchua. Vijana wa Marekani walikuwa wakiyapaka kwenye matairi ya vigari vyao vya umeme ili mpira ulainike na kushika njia. Kichupa kilivuja kidogo kidogo, mbao ikanywa, na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, bado inatema. Mtu anayeghushi sanduku hukumbuka stika na kutu, harufu huisahau.

Makala haya ni kwa anayetaka kuanza kukusanya masanduku hayo, awe anaishi Marekani au Uingereza na hupita kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani kila Jumamosi, au yuko Nairobi au Dar es Salaam na hununua mtandaoni. Nina shauri moja kubwa, na mengine yote yanatokana nalo: sanduku na vilivyomo ni kitu kimoja. Anayemimina vilivyomo mezani ili auze vigari kimoja kimoja amebaki na mbao tupu.

Mchezo wenyewe

Kwa ambaye hajawahi kuuona: fikiria ubao mpana uliochongwa mifuo myembamba (ndizo sloti zenyewe) inayozunguka na kurudi ilikoanzia. Kandokando ya kila mfuo hulazwa mikanda miwili ya madini inayopitisha umeme wa volti 12 hivi. Chini ya pua ya kigari kuna ulimi unaoingia ndani ya mfuo, na pande zake mbili kuna vishungi vya nyuzi za shaba vinavyosugua ile mikanda na kuchukua umeme kuupeleka kwenye mota. Usukani hakuna. Dereva husimama kando na kidhibiti mkononi. Akikibana, kigari huongeza kasi, akiachia, hupunguza. Ustadi wote uko katika kujua lini uachie kabla ya kona. Ukichelewa, kigari huruka nje na kumwangukia jirani.

Uingereza mchezo huu ulianzia nyumbani. Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels, alikuwa akitengeneza vigari vya bati vilivyoitwa Scalex. Baadaye akavitia mota ya umeme, na Scalextric ikaoneshwa kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Harrogate mwaka 1957. Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa Lines Bros, wenye jina la Tri-ang. Huo ulikuwa mchezo wa kutandazwa sakafuni baada ya chakula na kukusanywa kabla ya kulala, na vigari vilirudi katika boksi la karatasi ngumu vilimotoka. Mchezaji wa namna hiyo hakuwa na haja ya sanduku la mbao.

Sanduku lililetwa na ukumbi. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wafanyabiashara walianza kufungua kumbi zenye njia kubwa, na mchezaji alilipa kwa muda aliotumia. Kampuni ya American Model Raceways iliunda njia zilizojulikana kwa rangi na majina. Ile iliyoitwa King ilikuwa na mifuo minane na mzunguko wa futi 155, karibu mita 47. Hakuna sebule ya kawaida inayoweza kuibeba. Kwa hiyo kijana alilazimika kusafiri na vifaa vyake: vigari viwili vitatu, kidhibiti chake mwenyewe (vya kukodi vilikuwa vimechoshwa na mikono ya watu), matairi ya akiba, gia za idadi tofauti ya meno, brashi za mota, mafuta, bisibisi, koleo, chuma cha kulehemia. Alihitaji kitu cha kubebea vyote hivyo ambacho, akifika, kingegeuka meza ya kazi. Hapo ndipo useremala ulipoingia.

Homa hiyo ilipanda haraka na kushuka haraka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa, na masanduku yakasukumwa chini ya ngazi, darini na kwenye gereji. Kijana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1965 alizaliwa 1951. Hesabu mwenyewe ana umri gani leo. Kizazi hicho sasa kinahamia nyumba ndogo au kinatangulia mbele ya haki, na watoto wao wanakuta gereji ina kisanduku kizito wasichojua ni cha nini. Kwa mkusanyaji huu ndio msimu wenyewe. Kwa bahati mbaya ndio pia msimu wa kumimina.

Yanafananaje

Usitarajie umbo moja. Mengi yalitengenezwa nyumbani, na baba au katika karakana ya shule, kwa kuwa wavulana wengi wa Marekani wakati huo walifundishwa useremala darasani. Mbao zake ni plaiwudi ya robo inchi au nusu inchi, na hadibodi nyuma. Rangi ni ile iliyobaki baada ya kupaka mlango wa nyumba. Ukubwa unapimwa na mkono wa mvulana: lisiwe zito kiasi cha kushindwa kubebwa kwa mkono mmoja.

Mlango wa mbele, kwa kawaida, haufunguki kwa pembeni. Hulala chini kwa bawaba, ukashikiliwa na mnyororo mwembamba au kamba, ukawa meza. Anza kuangalia hapo. Meza iliyofanyiwa kazi ina makovu: madoa meusi yaliyounguzwa na ncha ya chuma cha kulehemia, matone ya lehemu yaliyoganda kama ushanga wa kijivu, mikwaruzo ya msumeno wa chuma, na duara la mafuta pale kichupa kilipozoea kukaa. Ndani, sehemu ya juu, kuna vyumba vya vigari vilivyotandikwa sponji au kitambaa kizito. Chini yake droo mbili tatu. Pembeni kuna kipande cha mti kilichotobolewa matundu kwa kufuata ukubwa, cha kusimamishia funguo za pembe sita na biti za keekee. Misumari miwili iliyopindwa ni ya kuzungushia waya wa kidhibiti. Mpini wa juu mara nyingi ulitolewa kwenye kabati la jikoni, na ncha za skrubu zake zilizotokeza kwa ndani zimekatwa kwa tupa ili zisikwaruze paa la kigari.

Kundi la pili ni masanduku yaliyonunuliwa tayari dukani. Yana kona zilizonyooka, vitasa vinavyofanana na mara nyingine chapa ya mtengenezaji. Hupendwa na wanunuzi wenye haraka, kwani hayahitaji kuelezwa.

Kundi la tatu ni la masanduku ya kuazima kutoka kazi nyingine: sanduku la mvuvi wa ndoana, la mchoraji, la fundi mitambo. Miongoni mwa haya la kifahari zaidi ni la H. Gerstner & Sons wa Dayton, Ohio, kampuni iliyoanza mwaka 1906 na inayojulikana kwa masanduku ya mwaloni yenye droo zilizotandikwa kitambaa cha kijani. Ni kitu kizuri sana, lakini kilitengenezwa kwa ajili ya fundi mitambo, na kikikosa ushahidi wa ndani kitabaki kuwa cha fundi mitambo hata muuzaji aapie vipi. Usilipe bei ya hadithi.

Mimi huchagua sanduku la plaiwudi la mvulana. La dukani linakuonyesha alichobuni mbunifu wa kiwandani. La nyumbani linakuonyesha tatizo lenyewe na jinsi mtu mmoja alivyolitatua: chumba kilichopanuliwa kwa patasi kwa sababu kigari kipya kilikuwa kipana kuliko cha zamani, au droo iliyogawanywa kwa vijiti vya aiskrimu ili pinioni, zile gia ndogo za mota, zisichanganyike.

Pima kwa rula

Vyumba vya juu vinasema mengi kuliko muuzaji. Kumbi za Marekani zilikimbiza hasa vigari vya kipimo cha 1/24, na vya 1/32 pia. Tuchukue Ford GT40, gari la mbio lililopewa tarakimu hiyo kwa sababu kimo chake kilikuwa inchi 40. Lilikuwa na urefu wa mita 4 na kitu. Kwa kipimo cha 1/24 linakuwa na urefu wa sentimita 17 na nusu hivi, upana wa 7 na nusu na kimo cha 4 na ushee. Kwa 1/32 urefu ni sentimita 13. Vigari vidogo zaidi vya Aurora, vilivyoingia soko la Marekani mwaka 1960, vinalala ndani ya kiganja.

Kwa hiyo chumba cha sentimita 20 kwa 9 kilikusudiwa kigari cha 1/24. Chumba cha 15 kwa 7 ni cha 1/32. Vyumba vingi vya upana wa vidole viwili ni vya Aurora au, uwezekano mkubwa zaidi, vya chambo za samaki. Sanduku likiwa na kitako kipana juu chenye umbo la herufi V na nafasi ya kopo la mafuta ya kuwakia, hilo ni la wachezaji wa ndege za mfano. Lirudishe taratibu, lina watu wake.

Kukisia umri

Muuzaji wa mtandaoni huandika "miaka ya 1960" kwa kila kitu chenye vumbi. Una njia za kumhakiki.

Anza na mbao. Ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa, huu ambao mafundi wetu wanauita MDF, ulianza kutengenezwa kibiashara Marekani katikati ya miaka ya 1960 na ulichukua muda kuenea madukani. Sanduku la MDF linalodaiwa kuwa la 1963 halina haja ya mjadala. Usiichanganye na hadibodi, ambayo ilikuwapo tangu miaka ya 1920: hiyo ni nyembamba, ya kahawia, na aghalabu upande mmoja ni laini huku mwingine ukiwa na alama za wavu.

Kisha angalia maandishi. Vijana wengi walibandika jina na anwani kifunikoni. Marekani ilianzisha msimbo wa posta wa tarakimu tano tarehe 1 Julai 1963. Kabla ya hapo miji mikubwa ilitumia namba fupi ya kanda. Lebo isiyo na tarakimu tano haithibitishi kuwa ni ya kabla ya siku hiyo, kwa maana watu walichelewa kuzoea. Lakini yenye tarakimu tano haiwezi kuwa ya kabla. Namba ya simu inayoanza kwa herufi nayo inakurudisha nyuma. Droo zikiwa na utepe wa plastiki wenye herufi nyeupe zilizofinyangwa, huo ni wa mashine ya mkono ya aina ya Dymo, kampuni iliyoanza California mwaka 1958, na haukosekani katika masanduku ya kipindi hiki. Pakiti ya vipuri yenye msimbopau imeingia baadaye: bidhaa ya kwanza kusomwa kwa msimbo huo kaunta ya duka ilikuwa Juni 1974, huko Troy, Ohio. Pakiti ya namna hiyo haiharibu sanduku. Inakuambia tu kwamba mwenyewe alirudi mchezoni, au kuna mtu amejaza.

Vigari vyenyewe ni kalenda. Vya mwanzo vina bodi nene za plastiki ngumu, kama za modeli za kuunganisha. Kadiri miaka ilivyosonga, wakimbiaji wakahamia bodi nyembamba za plastiki angavu zinazopakwa rangi kwa ndani, nyepesi kiasi kwamba zikigonga ukuta hunesa tu. Fremu nazo zilibadilika. Kuna za kiwandani zilizomiminwa kwa alumini, na Cox wa Santa Ana, California, alitumia hata magnesi. Baadaye zikaja za kuundwa kwa mkono kwa fito na mirija ya shaba nyeupe iliyolehemiwa. Mota nyingi zilitoka Mabuchi wa Japani, zikiwa ndani ya kikopo cha bati, na waliokolea walizifungua na kuzisuka upya kwa waya mnene zaidi. Ukikuta rotori zilizosukwa upya, fito za shaba na lehemu nyingi, ujue huyu hakuwa mpita njia, na sanduku lake ni la nusu ya pili ya homa ile.

Tafuta pia vistika vidogo vya duara vya rangi nane: nyekundu, nyeupe, kijani, chungwa, bluu, manjano, zambarau na nyeusi. Ni rangi za mifuo minane ya ukumbi, na kila kigari kilibandikwa ya mfuo wake ili waamuzi na wasimamizi wa kona wakitambue. Kuwapo kwake kunamaanisha mwenye sanduku alishindana.

Kulisoma kabla ya kuligusa

Hapa ndipo wakusanyaji wengi wapya wanapoharibu, kwa nia njema kabisa. Wananunua, wanafika nyumbani, wanamwaga kila kitu juu ya gazeti na kuanza kufuta vumbi.

Fanya hivi. Liweke sanduku kwenye meza yenye mwanga wa dirisha. Lipige picha likiwa limefungwa, pande zote sita, chini pia. Fungua, piga picha. Vuta droo ya kwanza, piga picha kutoka juu kabla ya kuondoa chochote, na andika kwenye karatasi nini kilikuwa wapi. Hata takataka: kipande cha karatasi ya msasa, tiketi, pakiti ya gia iliyochanika yenye bei iliyoandikwa kwa kalamu. Muhuri wa duka kwenye pakiti hiyo ndio utakaokupa mji. Ukishajua mji, unaweza kutafuta katika magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni kama ulikuwa na ukumbi, na ulifungwa lini.

Ukishamaliza droo ya kwanza, angalia sakafu yake. Kifaa kilichokaa mahali pamoja kwa miaka huacha kivuli: kutu imechora umbo la koleo, mafuta yamechora tumbo la kichupa, na mbao iliyofunikwa haikufifia kama ya jirani yake. Rudisha kila kifaa juu ya kivuli chake. Vikikubaliana, umeshika sanduku la mtu. Visipokubaliana, huenda mtu amenunua sanduku tupu la zana, akalijaza vipuri vya zamani vilivyookotwa huku na kule, na kuandika juu yake bei ya seti. Vilivyomo vinaweza kuwa halisi vyote, kimoja kimoja, na kwa pamoja vikawa uongo.

Stika za nje zina mtihani wake. Za makampuni ya mafuta na vipuri, STP ikiwa mojawapo, zilibandikwa sana na zinaigizwa sana leo. Ya zamani imefifia pamoja na rangi iliyo pembeni yake. Pembe yake ikiwa imeinuka yenyewe, chungulia: chini yake rangi ya sanduku iwe mbichi kuliko nje. Stika inayong'aa juu ya mbao iliyochakaa, na mikwaruzo ya mbao ikapita chini yake bila kuikata, ni ya wiki iliyopita. Usiibandue kwa ukucha ili uhakikishe.

Hatari zilizomo

Hiki ni kisanduku cha mvulana, lakini kisichezewe na watoto. Vipande laini vya kijivu vilivyokatwa kama karatasi nene ni risasi, iliyotumika kuongeza uzito kwenye fremu. Lehemu ya zamani nayo ina risasi. Rangi ya sanduku huenda ina risasi pia, kwani Marekani haikuipiga marufuku katika rangi za nyumbani hadi 1978. Usipige msasa. Vaa glavu nyembamba, na nawa kabla ya kula.

Kibao cheupe au kijivu chenye nyuzinyuzi, cha kulazia chuma cha kulehemia, kinaweza kuwa asbesto. Usikikwangue wala kukipuliza. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, andika juu yake, na uulize mamlaka za eneo lako namna ya kukitupa. Picha yake inatosha kwa kumbukumbu.

Vichupa visivyo na lebo usivinuse. Miongoni mwa visafishio vya zama hizo kulikuwa na kaboni tetrakloridi, inayodhuru ini na figo, ambayo Marekani iliiondoa katika bidhaa za nyumbani mwaka 1970. Nilisema sanduku hujulikana kwa pua, nilimaanisha mbao.

Kulitunza

Kanuni ya watu wa makumbusho inafaa hapa: fanya kidogo, na ulichofanya kiweze kutenguliwa. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi. Usitumie maji kwenye plaiwudi. Gundi ya tabaka zake ikilowa, tabaka hufunguka na hazifungiki tena vizuri. Usipake vanishi, usipake nta karibu na stika, na usinyunyizie mafuta ya kulainisha kwenye bawaba, yatatambaa hadi kwenye mbao. Kiungo kilicholegea kitiwe gundi ya seremala kidogo na kubanwa usiku kucha. Bawaba ikikosekana, weka ya aina hiyo, kisha andika kwenye karatasi ya kumbukumbu kwamba ni mpya. Mnunuzi wa kesho ana haki ya kujua.

Sponji ya zamani ni adui wa ndani. Baada ya miongo kadhaa hugeuka makombo yanayonata, na makombo hayo hushika rangi ya vigari. Iondoe, lakini bakiza kipande ndani ya mfuko, na weka kitambaa cha pamba kisicho na rangi mahali pake. Jambo jingine lisiloonekana mapema ni matairi. Matairi ya plastiki laini hutoa kemikali zinazoyeyusha plastiki ngumu, hivyo kigari kilichoegemea tairi la mwenzake kwa miaka hukutwa kina kovu la kuyeyuka ubavuni. Tenganisha kwa karatasi isiyo na asidi. Kigari kirudi chumbani kwake, ila kisigusane na mwenzake.

Ukiona unga laini chini ya sanduku na vitundu vidogo vya mviringo, kuna wadudu wapekechao mbao. Toa vilivyomo, funga sanduku katika plastiki isiyoacha hewa ipite, na liweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, usifungue plastiki hadi lirudi katika joto la chumba, la sivyo litatoka jasho. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana adui mwingine, hewa ya chumvi na unyevu: sanduku lisikae chini, lisigusane na ukuta wa nje, na ndani yake uwekwe mfuko wa jeli ya silika unaobadilishwa mara kwa mara.

Wapi na kwa maneno gani

Walioko Marekani wana nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu masanduku haya hutoka majumbani. Mauzo ya gereji na ya mirathi ndiyo mahali penyewe, hasa vitongoji vilivyojengwa baada ya Vita vya Pili. Fika asubuhi, nenda moja kwa moja kwenye kona ya zana badala ya kona ya vitu vya kuchezea. Masoko makubwa kama lile la Rose Bowl huko Pasadena na la Brimfield, Massachusetts, yanayo, ila pale muuzaji kwa kawaida amekwisha tenganisha. Uingereza, pita kwenye masoko ya Jumapili ambako watu huuza vitu kutoka kwenye buti za magari yao. Huko vilabu vilikuwa vingi kuliko kumbi za biashara, na masanduku yake huwa ya 1/32.

Mtandaoni, andika "slot car pit box" na utakuta vilivyokwisha kutambuliwa, kwa bei ya vilivyotambuliwa. Tafuta pia kwa jina la sanduku la zana, la uvuvi au la uchoraji, kisha kodolea macho picha. Unachotafuta ni waya wenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, unaochungulia kwenye droo: ndio waya wa kidhibiti. Muuzaji asiyekijua kitu hicho hupiga picha moja na nusu. Mwombe za ndani, kwa adabu.

Ukizungumza na familia ya marehemu, usianze na bei. Toa pole, uliza alikuwa akikimbizia wapi, na miaka gani. Waambie waziwazi kwamba unataka sanduku pamoja na takataka zake, na kwamba wasilisafishe kwa ajili yako. Wengi hufarijika kusikia litabaki zima. Kama kulikuwa na picha ya mzee huyo akiwa kijana mbele ya njia, omba nakala tu. Picha ya asili ni ya wajukuu. Na jina lake na anwani iliyoko kifunikoni visitangazwe mtandaoni bila ridhaa yao.

Likisafirishwa hadi Afrika Mashariki, usidanganywe na neno antiki. Kundi la antiki katika orodha ya kimataifa ya forodha, namba 9706, ni la vitu vilivyozidi miaka 100, na masanduku haya hayajafika huko. Ushuru kwa kawaida hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kwa hiyo sanduku zito la bei nafuu linaweza kukugharimu zaidi njiani kuliko dukani. Uliza wakala kabla ya kulipa.

Mwambie mfungashaji ajaze kila droo kwa karatasi laini, droo zenyewe zizuiwe kwa utepe wa kitambaa unaozunguka sanduku zima (gundi isiguse mbao), na vigari vifungwe kimoja kimoja na kurudishwa kwenye vyumba vyake kwa kufuata picha. Vimiminika vinavyowaka haviruhusiwi katika posta ya kimataifa. Kichupa cha wintergreen na makopo ya dawa ya kuzimulia rangi yapigwe picha mahali yalipokutwa, kisha yabaki huko.